Elfu Ishirini na Tano: Kiswahili na Historia ya Kuzitaja Namba Kubwa



Nimeombwa nizungumze hapa Magamba juu ya historia ya lugha yetu, na waandaaji wakaniachia hiari ya kuchagua mada. Nimechagua namba. Najua kwamba baadhi yenu mlikuja kusomea lugha hasa kwa sababu mlitaka kuzikimbia hesabu. Nawaomba radhi mapema, lakini nawahakikishia kwamba hesabu tutakazokutana nazo si ngumu kuliko za sokoni, na kwamba ndani yake umo ushahidi wa historia ya Kiswahili ambao ni nadra kuupata mahali pengine ukiwa umekusanyika pamoja kiasi hicho.

Namba yenyewe ni hii: 61,741,120. Ndiyo idadi ya watu wa Tanzania kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi iliyofanyika Agosti 2022, na ilitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma tarehe 31 Oktoba mwaka huo. Watu 59,851,347 walihesabiwa Tanzania Bara na watu 1,889,773 Zanzibar. Miaka kumi kabla yake, yaani mwaka 2012, tulikuwa 44,928,923.

Mwanahisabati akipewa namba kama hiyo, jambo la kwanza atakalolifanya ni kuipasua ili aone imejengwa kwa namba tasa zipi, yaani zile zisizogawanyika ila kwa moja na kwa zenyewe. Namba yetu inapasuka hivi: 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara sita, yaani 64, mara 5, mara 7, mara 43, mara 641. Hakuna zaidi. Kutokana na mpasuko huo tunajua kwamba ziko namba 112 zinazoweza kuigawa idadi ya Watanzania wa 2022 bila kubaki mtu hata mmoja. Tarakimu zake nne za mwanzo, 6174, nazo ni mashuhuri. D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule katika mji wa Devlali nchini India, alionesha katika miaka ya 1940 kwamba ukichukua tarakimu nne zozote zisizokuwa zote za namna moja, ukazipanga kutoka kubwa hadi ndogo, ukatoa mpangilio wa ndogo hadi kubwa, kisha ukarudia hivyo hivyo kwa jibu unalolipata, utaishia 6174 na hutatoka tena hapo. Jaribuni wenyewe mkifika nyumbani: 7641 ukitoa 1467 unapata 6174.

Ile 641 ya mwisho nayo ina ukoo. Katika karne ya 17, Mfaransa Pierre de Fermat alidhani kwamba ukizidisha 2 kwa yenyewe mara 32 kisha ukaongeza 1, utapata namba tasa. Mwaka 1732 Leonhard Euler alibainisha kwamba sivyo: namba hiyo, 4,294,967,297, hugawanyika kwa 641. Na kwa kuwa hugawanyika kwa 641, namba nyingine ambayo wengi wenu mmeisikia katika hadithi hugawanyika pia. Ni ile ya mbuni wa sataranji aliyemwomba mfalme ampe punje moja ya nafaka kwa nyumba ya kwanza ya ubao, mbili kwa ya pili, nne kwa ya tatu, na kuendelea kukunja maradufu hadi nyumba ya 64. Al-Biruni aliikokotoa hesabu hiyo, na Ibn Khallikan, mwandishi wa wasifu wa karne ya 13, aliisimulia hadithi yake. Jumla ya punje ni 18,446,744,073,709,551,615.

Msinielewe vibaya. Kwamba idadi yetu na punje za sataranji zinagawanyika zote kwa 641 ni sadfa tupu. Laiti angezaliwa mtoto mmoja zaidi usiku ule wa sensa, sadfa hiyo ingetoweka. Mwanaisimu hana la kujifunza katika sifa hizo za namba. Analo la kujifunza anapoambiwa aisome namba kwa sauti.

Tuisome basi: milioni sitini na moja, laki saba, elfu arobaini na moja, mia moja na ishirini. Sikilizeni maneno yenyewe. *Milioni* ni neno lililozaliwa Italia, likimaanisha elfu kubwa, na lilitufikia kwa njia ya lugha za watawala wa Kizungu. *Laki* limetoka Bara Hindi. *Sitini*, *saba*, *elfu*, *arobaini*, *mia* na *ishirini* ni maneno ya Kiarabu. Neno la Kibantu ni *moja* peke yake, pamoja na kiungo *na*. Msikilizaji asiyeijua lugha yetu angeweza kusema kwamba katika kirai hicho chote Wabantu wameacha mlango na bawaba tu, nyumba nzima ni ya wageni. Nitajaribu kuonesha kwamba ni kinyume chake.

Kwanza tuone kilichokuwapo. Kuanzia moja hadi kumi, Kiswahili kimebakiza maneno yake ya asili kwa moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi. Kimebadilisha sita, saba na tisa. Wanafunzi wanaotoka milima hii hawana haja ya kamusi ili kujua yaliyopotea, kwa sababu Kishambaa kinayo: *mtandatu*, *mfungate*, *kenda*. Kiswahili cha kale nacho kilikuwa na *tandatu*, *fungate* na *kenda*. Wanaisimu wengi huiona *tandatu* kuwa ni tatu iliyorudiwa, yaani tatu na tatu, kama *nane* ilivyo nne na nne. Ni hesabu ya vidole, na ni hesabu safi.

Maneno hayo hayakufa kabisa. Yalikimbilia mahali ambapo biashara haifiki, yaani katika kalenda na sherehe. Maharusi wetu bado hukaa fungate, ingawa wachache hukumbuka kwamba maana yake ni siku saba. Mwezi wa tisa baada ya Ramadhani ni Mfunguo Kenda. Majirani zetu wa pwani ya Kenya ni Mijikenda. *Mosi* imo katika Jumamosi na Mei Mosi. Na neno la zamani la kumi, *mwongo*, lilihifadhiwa na mabaharia na wakulima waliohesabu mwaka wa jua kuanzia Nairuzi, ile inayosherehekewa hadi leo Makunduchi kwa jina la Mwaka Kogwa: miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za kukamilishia, jumla 365. Leo tumelifufua kwa maana ya miaka kumi, na wengi hudhani ni istilahi mpya ya wanahabari.

Kwa mia, lugha nyingi za ukanda huu zilikuwa na neno la jamii ya *igana*. Kikuyu hulitumia hadi sasa. Kiswahili kilichukua *mia*, na juu yake *elfu*. Kwa muda fulani watu wa pwani walichukua hata umbo la uwili la Kiarabu, wakasema *miteni* kwa mia mbili na *elfeni* kwa elfu mbili. Maumbo hayo hayamo tena katika usemi wa kawaida. Tunasema *mia mbili*, *elfu mbili*. Hapa ndipo nilipotaka kufika. Mwarabu husema tatu kwanza, ndipo aseme maelfu. Mswahili alilichukua neno la elfu akalitia katika sarufi yake mwenyewe kama jina lolote lile: *elfu tatu*, kama *nyumba tatu*, *siku tatu*. Jina linatangulia, kivumishi kinafuata. Maneno ni ya wageni, lakini mpangilio wa nyumba ni wa Kibantu, na mgeni amekaa alipoelekezwa.

*Laki* lilikuja na wafanyabiashara. Katika karne ya 19 wakodishaji wa forodha ya Zanzibar na wakopeshaji wa misafara ya bara walikuwa Wahindi, na vitabu vyao vilihesabu kwa desturi ya kwao. Kutoka katika biashara hiyo hiyo tulipata *korija*, yaani ishirini ya vitu kama nguo. Rupia nayo ilitawala hadi ndani ya milima hii. Kampuni ya Kijerumani ilipotoa sarafu zake kuanzia mwaka 1890, rupia moja iligawanywa katika pesa 64, kwa mfano wa India. Na serikali ya Kijerumani ilipoleta heller 100 kwa rupia mwaka 1904, Lushoto ikiitwa Wilhelmstal, ilikuwa imeukubali mfumo wa kumi lakini rupia yenyewe haikuthubutu kuiondoa. Mhindi angeiandika idadi yetu hivi: 6,17,41,120. Kundi lake la kwanza upande wa kushoto huhesabu milioni kumi kumi, na la pili huhesabu laki. Sisi tuliichukua laki bila kuichukua ile milioni kumi, na matokeo yake ni kwamba tunaandika alama ya mkato kila baada ya tarakimu tatu kwa desturi ya Ulaya, huku tukisoma laki ambayo huangukia katikati ya kundi. Sioni kosa hapo. Laki ina faida kubwa, kama tutakavyoona.

Juu ya milioni nitapita haraka. *Bilioni* katika Kiingereza cha Uingereza ilikuwa milioni ya milioni hadi serikali ya Harold Wilson ilipotangaza mwaka 1974 kwamba takwimu zake zitatumia bilioni ya Kimarekani, yaani milioni elfu moja. Kwa hiyo maandishi ya enzi za ukoloni yenye neno hilo yasomwe kwa tahadhari. Kwa Kifaransa, milioni elfu moja ni *milliard*, na *billion* yao ni kubwa zaidi mara elfu. Msemaji wa Kiswahili wa Bukavu aliyesoma kwa Kifaransa na msemaji wa Tanga wakizungumza juu ya bajeti wanaweza kupishana mara elfu moja bila yeyote kati yao kukosea. Waarabu wa kale waliepuka balaa hilo kwa kuwa hawakuwa na neno la milioni. Walisema elfu ya elfu, na wakitaka kubwa zaidi waliongeza elfu nyingine. Kwa namba ya sataranji ningependa zaidi njia hiyo kuliko kuanza kuunda *kwintilioni*.

Sasa nirudi kwenye mpangilio wa Kibantu, kwa sababu una gharama yake. Nisomeeni kirai hiki: *shilingi elfu ishirini na tano*. Ni kiasi gani? Wengi mtasema 25,000. Lakini namba 20,005 nayo husomwa vivyo hivyo. Kwa kuwa *elfu* imetangulia, hatujui *na tano* inashikamana na *ishirini* iliyo chini ya elfu, au inasimama peke yake nje. Kwa Kiingereza au Kiarabu tatizo hili halizuki, kwa sababu elfu huja baada ya idadi yake na kuifunga kama kifuniko. *Elfu mia mbili na tano* ni mbaya zaidi, ina masomo matatu: 205,000, 200,005, na kwa yule aliyezoea kuacha *moja* baada ya elfu, 1,205.

Tuangalie ukubwa wa tatizo. Chukueni virai vyote vya umbo la *elfu*, kisha kumi kamili kuanzia kumi hadi tisini, kisha *na*, kisha tarakimu moja hadi tisa. Ni tisa mara tisa, yaani 81, na kila kimoja kina maana mbili. Lakini hiyo ni kwa shilingi. Badilisheni jina, semeni juu ya watu. *Watu elfu ishirini na tano* ni 25,000, kwa maana *tano* hapo inahesabu elfu. *Watu elfu ishirini na watano* ni 20,005, kwa maana *watano* inahesabu watu. Upatanisho wa kisarufi, ule ambao wageni wanaojifunza Kiswahili huulalamikia, umemaliza utata mara moja. Vivyo hivyo *miti elfu kumi na mitatu* na *miti elfu kumi na tatu*. *Magunia elfu kumi na manane* na *magunia elfu kumi na nane*.

Lakini si tarakimu zote hupatana. Moja, mbili, tatu, nne, tano na nane hupatana; sita, saba na tisa, zile tatu zilizotoka Uarabuni, hukaa kama zilivyo. Kwa hiyo *watu elfu ishirini na sita* bado ina maana mbili. Kati ya virai 81, upatanisho huviokoa 54, na 27 hubaki na utata. Kama *tandatu* ingedumu nasi, huenda tungekuwa tunasema *watandatu*, kama Mkikuyu anavyosema *atandatũ*, na virai tisa zaidi vingeokoka. Hiyo ni dhana, siwezi kuithibitisha, lakini inaonesha kwamba kuazima neno si kubadilisha sauti tu. Tulipozichukua sita, saba na tisa tulipoteza pia kipande kidogo cha chombo cha kupambanulia.

Na kuna ngeli ambayo upatanisho hauisaidii kamwe, kwa kuwa tarakimu zake hazina kiambishi kinachosikika tofauti na hesabu ya kawaida: ngeli ya nyumba na siku. Humo ndani zimo *shilingi*, *rupia* na *pesa*. Humo imo pia *kura*. Yaani vitu viwili ambavyo taifa huvihesabu kwa sauti mbele ya watu wanaogombana, fedha na kura, vimekaa katika ngeli ile ile isiyo na ulinzi. *Wapiga kura elfu kumi na wawili* haina shaka. *Kura elfu kumi na mbili* inayo.

Mtaniuliza kwa nini basi nchi haijavurugika. Sababu ya kwanza ni kwamba utata huu hukaa katika namba za mviringo tu. *Elfu ishirini na tano, mia tatu na kumi* haina maana mbili, kwa sababu baada ya *tano* imefuata *mia*, na Kiswahili hushuka kutoka kubwa kwenda ndogo bila kurudi nyuma. Tano hiyo lazima iwe ya elfu. Idadi ya sensa tuliyoisoma iko salama kwa sababu hiyo hiyo. Kadiri namba inavyokuwa na tarakimu nyingi zisizo sifuri, ndivyo inavyojieleza yenyewe.

Sababu ya pili ni kwamba wasemaji wamejitengenezea dawa. Mojawapo ni kugeuza mpangilio: *ishirini na tano elfu*. Waliotafsiri Biblia ya Union Version, iliyotoka 1952, walipofika kwenye wale 144,000 wa Ufunuo waliliweka *elfu* mwishoni, na nadhani walijua walichokuwa wakikifanya. Wapo walimu wanaokataza mpangilio huo kwa hoja kwamba ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Sikubaliani nao. Ni mpangilio unaofunga pale ambapo sarufi ya kawaida imeacha wazi, na hutumika sana hasa mahali penye hatari. Mtu husema *elfu tatu* bila wasiwasi, hasemi *tatu elfu*. Lakini akifika 25,000 ndipo anapogeuza. Huo si uigaji wa kizembe.

Dawa nyingine ni laki. Ukisema *laki mbili na elfu tano* umekwisha kuiua *elfu mia mbili na tano* pamoja na masomo yake matatu. Ndiyo maana nasikitika ninapoona vitabu vya shule vikiifukuza laki kwa madai kwamba si ya kitaalamu. Ni kweli kwamba mitaani laki nayo imeanza kuzaa utata wake: *laki mbili na hamsini* kwa dalali ni 250,000, kwa mhasibu ni 200,050. Ila mtaani kuna ulinzi mwingine, nao ni thamani ya fedha yenyewe. Hakuna anayeuza kitu kwa shilingi 200,050.

Ulinzi huo ndio unaonitia shaka kidogo, maana haumo ndani ya lugha. Kura hazina bei. Mgombea mmoja anaweza kweli kupata kura 10,002 kwa jimbo zima, na namba hiyo ina haki sawa na 12,000. Wakati huo huo upatanisho unadhoofika. Bara na mijini nasikia *watu ishirini na tano* mahali ambapo sarufi sanifu inataka *ishirini na watano*, na vijana wengi hawaoni tofauti. Wakiiacha kabisa, vile virai 54 vitarudi katika utata pamoja na vingine.

Kwa hundi, hati za mauziano ya mashamba na fomu za matokeo, pendekezo langu ni dogo. Pale ambapo baada ya elfu kuna kumi na tarakimu, kisha hakuna kingine, iandikwe *ishirini na tano elfu*. Pale ambapo elfu imekamilika na kilichobaki ni tarakimu ndogo, iandikwe *elfu ishirini, na shilingi tano*, jina likirudiwa. Kurudia jina huko ndiyo njia ya zamani kuliko zote. Ni upatanisho ule ule wa *watano* uliofanywa kwa neno zima, kwa sababu ngeli ya shilingi haikupewa kiambishi cha kuufanya.